Breki Kubwa, Tairi Lile Lile: Nini Hasa Hubadilika Ukiboresha Breki za Gari la Mbio

Tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kila inapofika zamu ya Naivasha utaona misururu ya Subaru ikitoka Nairobi, ikipita Limuru na kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu. Nyingi zina kalipa (vibanio vya breki) nyekundu au za rangi ya dhahabu zinazochungulia katikati ya rimu. Mpwa wangu alikuwa kwenye msururu mmoja, na Impreza WRX yake ya mtumba kutoka Japani. Wiki mbili kabla ya safari alikuwa amefunga mbele kalipa za Brembo, kampuni ya breki ya Italia, zilizong'olewa kwenye WRX STI, toleo kali zaidi la gari hilo hilo. Katikati ya mteremko pedali ya breki ikaanza kuzama. Akaipiga mara mbili, mara tatu, ikashika kidogo, akafanikiwa kuegesha pembeni. Kisha akanipigia simu: "Mjomba, hizi Brembo niliuziwa feki?"

Hazikuwa feki. Nilizikagua mwenyewe baadaye, zilikuwa halisi na pistoni zake zilikuwa safi. Kilichomwangusha ni oili ya breki iliyotoka kwenye kopo lililokuwa limefunguliwa gereji siku nyingi, pamoja na pedi za bei nafuu zilizowekwa ndani ya kalipa za bei ghali. Alikuwa ameanza na kitu cha mwisho.

Nimekutana na hali kama yake mara nyingi, kuanzia maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, hadi ya Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam. Watu wanabishana kuhusu idadi ya pistoni na matundu ya diski, ilhali swali la kwanza halijaulizwa: breki hizi unataka zikufanyie kazi gani ambayo za zamani zilishindwa?

Tuelewane kwanza majina

Unapokanyaga pedali, mguu wako unasukuma pistoni ndogo ndani ya masta silinda. Pistoni hiyo inasukuma oili ya breki, ambayo mafundi wengine huiita maji ya breki. Oili inapita kwenye bomba za chuma, kisha kwenye mipira inayopinda pamoja na gurudumu, hadi kwenye kalipa. Kalipa ni ule mkono wa chuma ulioikumbatia diski. Ndani yake kuna pistoni kubwa zaidi, zinazosukuma pedi zibane diski kutoka pande zote mbili. Diski imefungwa pamoja na gurudumu, kwa hiyo diski ikibanwa, gurudumu nalo linazuiwa.

Ukitaka kuona siri yake nyumbani, chukua sirinji mbili, nyembamba na nene, uziunganishe kwa kamrija kalichojaa maji. Sukuma ile nyembamba: ile nene itasogea kidogo tu, lakini kwa nguvu nyingi. Ukiongeza unene wa sirinji ya pili utapata nguvu zaidi, ila itakubidi usukume ile nyembamba mbali zaidi ili ya pili isogee vile vile. Shika mfano huu, tutaurudia tukifika kwenye kalipa.

Tairi ndilo linalosimamisha gari

Breki huzuia gurudumu. Kinachozuia gari lenyewe ni tairi kung'ang'ania barabara, kwa vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja hakizidi sana kiganja cha mkono. Ukikanyaga kwa nguvu zote kwenye lami kavu na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) ikaanza kuitetemesha pedali, maana yake breki ulizonazo tayari zina nguvu kuliko tairi. Kalipa kubwa haitafupisha hapo hata mita moja.

Hesabu yake si ngumu. Gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa, lenye tairi zuri linaloweza kuzuia kwa nguvu sawa na uzito wake, linahitaji takriban mita 39 kusimama tangu breki zishike. Tairi lililozeeka na kukauka, linalotoa asilimia 70 ya nguvu hiyo, linahitaji takriban mita 56. Tofauti hiyo ya mita 17 inapita urefu wa basi la abiria, na hakuna breki ya dukani itakayokurudishia. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanze wapi kuboresha breki, nami namuuliza tairi zake zilitengenezwa mwaka gani.

Mfano ninaoupenda zaidi uko hapo hapo Naivasha. Magari ya daraja la juu ya mashindano ya dunia ya rali, yanapokimbia kwenye lami, hufungwa diski za mbele za milimita 370 ndani ya rimu za inchi 18. Magari hayo hayo yakija kwenye vumbi na mawe ya Safari, hufungwa diski za milimita 300 ndani ya rimu za inchi 15. Timu hizo hazikosi fedha. Vumbi halishiki kama lami, kwa hiyo tairi haliwezi kuitumia breki kubwa hata ukilipa. Tena rimu ndogo huacha nafasi ya tairi nene linalovumilia mawe. Wahandisi wa viwanda vikubwa wanapunguza breki kwa makusudi, huku sisi tunaokwenda kuwatazama tukiziongeza ili tupite barabara ya mashimo.

Basi kama breki kubwa haifupishi umbali wa kusimama mara moja, inanunuliwa ya nini? Inanunuliwa ili uweze kusimama mara ya kumi kama ulivyosimama mara ya kwanza.

Joto, ndipo habari ilipo

Mwendo wa gari haupotei hewani. Breki huugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa hutoa joto la kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya chai, kutoka ubaridi wa bombani hadi kutokota, kwa sekunde chache tu. Kutoka kilomita 200 joto haliwi mara mbili bali mara nne: sufuria la lita sita. Ni kanuni ya mwendo tu, ukizidisha mwendo mara mbili, nishati inazidi mara nne. Hapo ndipo barabara ya kila siku na uwanja wa mbio vinapoachana kabisa. Mjini unakanyaga breki kutoka 50 au 60, kisha unakaa kwenye foleni zikipoa. Fuji Speedway kule Japani ina sehemu iliyonyooka ya karibu kilomita moja na nusu, na mwishoni mwake dereva hukanyaga kwa nguvu zote, mzunguko baada ya mzunguko.

Sasa fikiria diski ya mbele yenye uzito wa kilo 8. Breki za mbele hubeba karibu asilimia 70 ya kazi (sababu yake inakuja), kwa hiyo kusimama mara moja kutoka kilomita 100 huipandisha diski hiyo joto kwa takriban digrii 47, kabla upepo haujaipooza. Ikiwa na kilo 10, itapanda takriban digrii 38. Ni sufuria nene na sufuria nyembamba juu ya moto ule ule. Faida kubwa ya diski kubwa ni hii: chuma kingi zaidi cha kupokea joto, na uso mpana wa kulitoa.

Na mteremko? Gari hilo hilo likishuka mita 400 za kimo huku mguu ukiwa juu ya breki muda wote, joto linalozalishwa ni kama la kusimama kutoka kilomita 100 mara kumi, na hakuna mapumziko katikati. Waendeshaji wa malori wanaoshuka Kitonga, Iringa, wanalijua hili vizuri kuliko vijana wengi wenye magari ya mbio. Gia ndogo huiachia injini sehemu ya kazi hiyo, na breki zikabaki na akiba.

Hata historia ya breki za diski inashuhudia hivyo. Mwaka 1953 Jaguar walipeleka kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, gari la C-Type lenye diski za Dunlop, wakati wapinzani wengi walikuwa bado na breki za ngoma, zinazobana kutoka ndani ya bakuli la chuma. Duncan Hamilton na Tony Rolt wakashinda. Ngoma nzuri ingeweza kusimamisha gari vizuri mara moja. Kuvumilia saa 24 za joto lilikuwa jambo jingine.

Breki hufa kwa njia mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha

Naomba msomaji asome sehemu hii mara mbili hata kama gari lake ni Vitz.

Njia ya kwanza ni pedi kuzidiwa na joto. Pedali inabaki ngumu na juu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote, lakini gari linateleza kama limepakwa mafuta. Mchanganyiko uliotengeneza pedi umepita joto lake na hauumi tena, yaani haushiki diski.

Njia ya pili ni oili kuchemka. Oili ikichemka hutoa mvuke. Oili haibinyiki, lakini mvuke hubinyika kama puto. Mguu unasukuma, mvuke unabinyika, nguvu haifiki kwenye kalipa. Pedali inalegea na kuzama hadi sakafuni. Ukiipampu haraka haraka unaweza kupata breki kidogo, kama alivyofanya mpwa wangu. Ikipoa hurudi, na wengi hudanganyika hapo wakadhani ilikuwa bahati mbaya.

Pedali ngumu bila breki, tazama pedi. Pedali inayozama, tazama oili, au uvujaji. Anayebadilisha kalipa bila kujua ni lipi kati ya haya lililompata anaweza kutumia fedha nyingi na tatizo likabaki pale pale.

Anza na oili

Kopo la oili ya breki huandikwa DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1. Nambari hizo zinahusu zaidi joto la kuchemka. DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya digrii 205, DOT 4 chini ya 230, DOT 5.1 chini ya 260. Ila oili hizi hunyonya unyevu kutoka hewani, polepole, kupitia mipira na kila kifuniko kinapofunguliwa. Ikishanyonya maji kufikia karibu asilimia 3.7, viwango vinavyodaiwa hushuka: DOT 3 hadi 140, DOT 4 hadi 155, DOT 5.1 hadi 180. Yaani DOT 4 iliyochoka ni dhaifu kuliko DOT 3 mpya. Kwa anayeishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako chumvi ya mezani hugandamana kwa unyevu, hili si jambo la kitabuni.

Badilisha yote angalau kila baada ya miaka miwili, toa upepo (hewa iliyonaswa ndani ya bomba za breki) kwenye kalipa za magurudumu yote manne, na nunua kopo lililofungwa ulifungue mwenyewe. Kwa uwanja wa mbio kuna oili maalumu zinazopita digrii 300 zikiwa mpya. Zile hubadilishwa mara nyingi zaidi, wengine kabla ya kila siku ya mbio.

Tahadhari moja: DOT 5 pekee, isiyo na ".1", ni oili ya silikoni. Haichanganyiki na hizi nyingine, na si daraja la juu yake. Nambari kubwa imewaponza wengi.

Mipira ya breki iliyofumwa kwa waya wa chuma mara nyingi hufungwa wakati huo huo. Mpira wa kawaida uliozeeka hutanuka kidogo ukisukumwa, na pedali inakuwa kama sponji. Wa chuma hautanuki, kwa hiyo mguu unapata hisia sahihi. Umbali wa kusimama haubadiliki, lakini kwa dereva wa mbio anayepima breki kwa unyayo, hisia hiyo ina thamani.

Pedi: hapa barabara na mbio hazipatani

Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu baada ya oili, ni pedi. Na ndipo kosa la hatari zaidi hufanyika, kwa sababu watu hudhani pedi ya mbio ni pedi ya kawaida iliyo bora zaidi. Ni kifaa kingine kabisa. Pedi ya mtaani imetengenezwa iume asubuhi ya baridi, mguso wa kwanza, mtoto akikatiza mbele ya geti. Ikifika digrii 350 au 400 nyingi huanza kuchoka. Pedi ya mbio inafurahia joto hilo na kupita, lakini ikiwa baridi inaweza kuuma kwa ulegevu kiasi cha kukutisha. Tena hupiga kelele na kula diski haraka. Mtu anayeendesha mjini na pedi halisi za mbio ana breki mbovu kuliko jirani yake mwenye pedi za kiwandani, kwa kilomita zile zote ambazo hazijapata joto.

Katikati kuna pedi za matumizi mawili, na kwa anayekwenda uwanjani mara chache kwa mwaka zinatosha. Anayekwenda mara nyingi huwa na seti mbili, akabadilisha akifika. Kalipa nyingi za pistoni nne kama zile za STI zina raha hiyo: unatoa gurudumu, unachomoa pini mbili, pedi zinatoka kwa juu. Kwangu mimi hiyo ni sababu nzuri ya kuzitaka kuliko rangi yake.

Pedi nyingi huchapwa herufi mbili pembeni, kama EE, FF au GG. Ni kiwango cha kuuma: ya kwanza ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa na joto kali. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE ina maana inalegea ikipata moto. Herufi hazisemi kila kitu, lakini muuzaji anayekuambia pedi ni "za racing" huku zimechapwa EE amekupa jibu.

Pedi mpya lazima zizoeane na diski. Tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka kama 80 hadi 20, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kadhaa bila kugusa breki. Lengo ni pedi iache utando mwembamba, sawasawa, juu ya diski. Ukisimama na kuendelea kubana diski ikiwa ya moto, utando unaganda mahali pamoja. Baada ya hapo usukani unatetemeka, na fundi atakuambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda: ina mabaka ya pedi yasiyo sawa, yakifuatiwa na diski kulika bila usawa.

Matundu, mifereji na wingi wa pistoni

Diski zenye matundu zinapendeza, sibishi. Zamani pedi zilipopata moto zilitoa gesi iliyonyanyua pedi kutoka kwenye diski, na matundu yakaipa njia. Pedi za leo hazitoi gesi kwa kiasi hicho. Kilichobaki ni kwamba kila tundu limeondoa chuma ambacho kingepokea joto, na ukingo wake ndipo nyufa huanzia, hasa kwenye diski za bei nafuu zilizotobolewa baada ya kutengenezwa. Kwa mbio, mifereji iliyochongwa juu ya uso inafaa zaidi, kwa kuwa hufagia pedi bila kudhoofisha diski sana. Kwa matumizi ya kila siku, diski nzima isiyochongwa, yenye mapengo ya hewa katikati, inatosha vizuri sana.

Na pistoni? Kalipa ya kawaida yenye pistoni moja huteleza, kwa hiyo pistoni ile moja inabana pande zote mbili. Pistoni moja ya milimita 57 ina eneo la takriban milimita za mraba 2,550. Kalipa ya pistoni nne, mbili kila upande, za milimita 40, inapata takriban 2,510 kwa upande. Nguvu ya kubana ni karibu ile ile! Uzuri wa pistoni nne ni kwamba hubana pedi ndefu kwa usawa, na kalipa yenyewe haitanuki kirahisi ikibanwa, basi pedi inalika sawasawa na pedali ina uthabiti.

Ukifunga kalipa zenye eneo kubwa sana kuliko za awali, rudi kwenye sirinji zako. Masta silinda ile ile itabidi isukume oili nyingi zaidi, na pedali itakwenda mbali zaidi kabla ya kushika. Watu huiita pedali hiyo laini na kutafuta upepo usiokuwepo.

Mbele na nyuma lazima ziongee

Umewahi kusimama ndani ya matatu au daladala dereva akakanyaga ghafla? Abiria wote mnamwendea dereva. Uzito wa gari nao huenda mbele hivyo hivyo. Tairi za mbele hukandamizwa, za nyuma huwa nyepesi. Ndiyo maana za mbele hubeba karibu theluthi mbili au zaidi ya kazi, na kiwanda hupima kwa makini nani ashike kiasi gani. Za nyuma zikishika kupita kiasi, mkia unatangulia na gari linageuka. Za mbele zikizidishwa peke yake, tairi za mbele hufika mwisho wa uwezo wake mapema huku za nyuma zikiwa hazijatumika, na umbali wa kusimama unaweza hata kurefuka.

Hapo ndipo palipomkuta mpwa wangu. STI ilitoka kiwandani na Brembo za pistoni nne mbele zikishika diski za milimita 326, na za pistoni mbili nyuma zikishika diski za 316. Ni seti moja iliyopimwa pamoja. Yeye alichukua nusu yake. Kalipa za mbele hukaa kwenye WRX bila shida, mradi rimu ziwe inchi 17 au kubwa zaidi. Nyuma kuna ugumu wake, kwa sababu ndani ya diski ya nyuma kuna ngoma ndogo ya hendibreki na vipimo vyake havilingani. Wengi huishia mbele kwa sababu hiyo. Kwa fedha ile ile, kwa barabara anazopita, kalipa za Subaru zenyewe za pistoni nne na diski za milimita 294 zingemfaa, pamoja na tairi mpya.

Ukinunua kalipa za mtumba, zifunguliwe, ziwekwe ripea kiti (seti ya mipira ya ndani) mpya, na pistoni zikaguliwe kutu. Na tafadhali, usikubali kipande cha kuunganishia kalipa kilichochongwa kwa kukisia. Bolti mbili zile hubeba gari zima unapokanyaga breki. Nimeona kipande kilichochomelewa welding. Sikumruhusu mwenyewe aondoke na gari hilo gereji.

Vile vifuniko vya plastiki vilivyoandikwa jina la Brembo vinavyobandikwa juu ya kalipa ya kawaida, ving'oe leo. Vinazuia hewa pale pale inapohitajika.

Kwa anayekwenda uwanjani kweli

Ukishakuwa na oili ya joto kali, pedi zinazostahili, tairi na diski nzima, na bado pedali inazama baada ya mizunguko mitano, hatua inayofuata ni hewa. Diski yenye mapengo hufanya kazi kama feni: huvuta hewa katikati na kuitupa nje. Bomba la hewa linalotoka kwenye bampa lielekezwe katikati ya diski, karibu na bearing. Likipuliza uso mmoja tu, upande mmoja unapoa na mwingine unabaki na moto, na diski hupasuka. Kabla ya kununua chochote, bandika stika za joto kwenye kalipa, zile zinazobadilika rangi na kubaki hivyo. Zitakuambia kwa shilingi chache kama kweli umefika digrii 200 au unahisi tu.

Diski na kalipa kubwa zinakuja baada ya hapo, namba zikithibitisha kwamba chuma ulichonacho hakitoshi. Diski za kaboni na kauri, ambazo Porsche walianza kuzitoa kwenye 911 GT2 mwaka 2001, ni nyepesi karibu nusu ya uzito wa chuma. Bei ya kubadilisha seti moja inaweza kukununulia gari zima la mtumba. Zile za kaboni tupu za Formula 1 ziache huko huko: zikiwa baridi hazishiki.

Siku ya mbio ikiisha, mzunguko wa mwisho uwe wa kupooza, bila kugusa breki isipokuwa lazima. Ukiegesha, usivute hendibreki, weka gari gia na jiwe chini ya tairi, maana pedi za moto zikibana diski ya moto huacha alama pale pale. Mpwa wangu sasa ana oili mpya ya DOT 4, pedi za matumizi mawili na tairi nne zinazofanana. Brembo zake bado ziko mbele, tunatafuta za nyuma. Mwaka uliofuata aliteremka kwenda Naivasha kwa gia ya tatu, na hakunipigia simu hadi alipofika.